Nyoka Aliyetiwa Chumvi

Mama Marthe alikuwa amekwisha kuipita nyumba ya mwisho ya Baraka, godoro kichwani na sufuria mbili mkononi, pikipiki ya polisi ilipomfikia kwenye njia ya Uvira. Nyuma yake walitembea watu kama arobaini, wenye fimbo na wenye nyimbo, wakimsindikiza kama bibi harusi, ila bibi harusi harushiwi mawe. Hawakuwa na haraka. Mashamba yao yalikuwa yanawangoja tangu asubuhi, lakini kumfukuza mjane ni kazi isiyohitaji jembe, na watu wa kazi ya namna hiyo hawakosekani popote nilipopita duniani.

OPJ Clarisse Wilondja, ofisa wa polisi ya upelelezi, alishuka nyuma ya pikipiki akapangusa vumbi la suruali. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mpana wa mabega, mpelelezi ambaye Baraka ilimheshimu usoni na kumsema mgongoni. Alijua yote mawili na yote mawili aliyadharau sawasawa. Ajenti Bertin, mwendeshaji wake, alibaki juu ya pikipiki, injini inanguruma. Alikuwa amesikia kwamba habari yenyewe ni ya nyoka.

Habari ilikuwa fupi. Ketsia, mtoto wa miaka sita, binti wa Bonaventure mkausha samaki, alikuwa na homa wiki nzima. Jumapili, Fabien, aliyejiita nabii na kuwa na nyumba ya maombi ya mabati nyuma ya soko, alitangaza kwamba ameona mtaani nyoka mweupe, macho ya damu, anayemnyonya mtoto. Jumanne aliingia katika ghala la mahindi la Marthe, watu wanaimba nje, akatoka na nyoka mweupe mkononi, macho ya damu. Jumatano, yaani leo, mtaa uliamua: Marthe aondoke kabla jua kuzama. Jua likizama nyumba inachomwa, na akikutwa ndani, shauri yake.

Marthe alikuwa Mrundi, mkulima, mkimbizi tangu mwaka elfu mbili na kumi na tano. Mume wake Manirakiza alizikwa nyuma ya nyumba hiyohiyo. Mahindi yake yalibakiza wiki mbili kuvunwa. Alikokuwa anapelekwa, ng'ambo ya Uvira, ndiko alikotoka akikimbia.

Bonaventure alitangulia mbele ya kundi, kafi la mtumbwi begani.

"Mama OPJ, tusikawizane. Huyu mama tunamupeleka tu. Hatumupige."

"Na yale mawe?"

"Ni batoto."

Clarisse aliwatazama hao watoto. Mmoja alikuwa na ndevu nyeupe.

Hakubishana nao. Aliwaambia kwamba yeye si mchungaji wala mganga, mambo ya roho hayajui. Yeye anatafuta jambo moja tu, nyoka ametoka wapi. Jua likizama atakuwa mlangoni kwa Marthe. Akishindwa kumwonyesha mwenye nyoka, njia ya Uvira ni ileile, haitahamishwa. Wakanong'onezana, wakakubali, kwa sababu wengine walikuwa na njaa. Bonaventure alisema: "Jua likizama, Mama. Si kesho."

"Nyoka yenyewe iko wapi? Mulimuchoma?"

Hapo Bonaventure alinyoosha shingo kama jogoo. "Iko kwangu. Mu chumvi."

Huku kwetu nyoka akiuawa humwagiwa petroli, akachomwa, kichwa kikazikwa mbali na mwili. Hivyo ndivyo afanyavyo kila mtu mwenye akili. Lakini Bonaventure alitaka kumwonyesha chifu ushahidi, na zaidi ya hayo mtu aliyetia samaki wa mikebuka chumvi miaka thelathini hawezi kuona nyama imelala bila chumvi. Mkono unakwenda wenyewe. Alimpangia nyoka wake katika beseni, kati ya samaki, kajikunja vizuri, kama wa kuuzwa Bukavu.

Huko kwa Bonaventure, Clarisse alimwosha nyoka kwa maji ya ziwa, akamnyoosha juu ya mkeka wa kukaushia dagaa. Marthe alichuchumaa kando. Godoro lake lilibaki kwa Bertin, aliyelilinda kwa bidii ili asisogee karibu. Nyoka alikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, mwembamba, kichwa kidogo. Mdomoni hakuna meno ya sumu, ni vijino tu kama vya msumeno. Mwili mweupe wa kuelekea rangi ya waridi, na mgongoni mabaka hafifu ya manjano, yamepangana kama matandiko juu ya punda. Clarisse akampindua. Jua la saa nane lilipopiga tumbo kwa upande, ilionekana miraba, mmoja wa maziwa, mmoja wa waridi, kutoka shingoni hadi mkiani.

"Kama gunzi la mahindi ya kuchanganya," alisema Marthe.

Clarisse aliandika hivyohivyo, kisha akamkalisha Bonaventure juu ya ndoo.

"Nani aliingia ghala wa kwanza?"

"Nabii."

"Na nani?"

"Peke yake. Siye tulibaki inje tunaimba."

"Alishika nini?"

"Biblia na mufuko."

"Mufuko wa nini?"

"Wa kutia nyoka."

"Kwa hiyo alileta mufuko wa nyoka mbele ya kuona nyoka."

"Ni nabii, Mama," alisema Bonaventure kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto.

Clarisse aliandika na hilo. Akauliza nyoka alishikwa kwa kitu gani. Kwa mkono mtupu. Alimuuma nabii? Hapana, alijizungusha kwenye mkono wake kama bangili, na kila aliyeona alijua kwamba huo ni upako. Basi Bonaventure, kwa uchungu wa mzazi, akainua kafi. Na nabii alisemaje? Hapo mkausha samaki alikuna goti. Nabii alipiga kelele asipige. Alisema alitaka kumpeleka mzima kwenye mlima wa maombi. Lakini kafi lilikuwa limekwisha kushuka, na nabii alikaa chini, macho yamejaa maji.

"Kwa ajili ya mutoto?"

"Ndiyo... Nadhani kwa ajili ya mutoto."

Kulikuwa na njia nyingine, na Clarisse hakuiruka. Mbuzi wa Bonaventure walikula muhogo wa Marthe mwezi uliopita, chifu akamhukumu mwenye mbuzi, na shamba la mjane limepakana na lake. Mtu mwenye sababu mbili hatafutwi mbali. Alimbana nusu saa. Bonaventure alikasirika, akatoa jasho, akamwita Marthe majina. Lakini Ijumaa mpaka Jumatatu alikuwa Ubwari akinunua samaki, na mwenye boti, aliyekuwa akiziba tundu hatua ishirini kutoka hapo, alithibitisha bila kuinua kichwa. Asiyekuwepo Jumapili hakutunga habari ya Jumapili. Aliikuta mjini imeiva. Clarisse alipiga mstari juu ya jina lake. Mjinga, lakini si mwenye nyoka.

Kabla ya kuondoka aliingia kumwona mtoto. Ketsia alikuwa amelala juu ya kanga, moto kama jiwe la jikoni, midomo imepasuka. Bonaventure alisema nabii amekataza dawa mpaka mchawi avuke mpaka. Clarisse hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba ampeleke mtoto kituo cha afya sasa hivi, au yeye afungwe kacho na mtoto aende kituo bila baba. Bonaventure akambeba mtoto akaenda, kafi amelisahau ukutani.

Bironi, yaani ofisini kwake, alikofuatana na Marthe, Clarisse alifungua kabati la mafaili akatoa madosie mawili yaliyokuwa yanasubiri panya. La kwanza la Ubwari: mzee mmoja mvuvi alifukuzwa kijijini baada ya nabii Fabien kutoa kitandani kwake nyoka mwekundu kama mawese, macho ya waridi. La pili la Misisi: mama mpishi wa wachimba dhahabu alifukuzwa baada ya nabii huyohuyo kutoa jikoni kwake nyoka wa rangi ya majivu. Kote huko nabii aliondoka na nyoka wake mfukoni, mzima, kwenda mlimani kuomba. Wapelelezi waliotangulia waliandika kwa mwandiko mzuri kwamba nyoka mmoja ni mwekundu na mwingine wa majivu, ndiyo kusema ni jamii mbili, ndiyo kusema ni mambo mawili yasiyohusiana, wakatia sahihi wakaenda kunywa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za tumbo. Mtu anaweza kuvaa shati tatu na wote wakaapa wameona watu watatu.

Ila karatasi moja ya Ubwari ilikuwa na mchoro. Shahidi mmoja mvuvi, hajui kusoma, alichora kwa kalamu nyekundu ya Bic kile alichokiona nabii alipomwinua nyoka juu: miraba, mweusi hakuna, mwekundu na mweupe, kutoka shingoni hadi mkiani.

Clarisse alimsukumia Marthe karatasi. Marthe alitazama, akatikisa kichwa. "Gunzi lilelile, Mukubwa. Mbegu nyingine."

Ndipo Bertin alipokohoa mlangoni.

"Shefu, iko muntu mumoja anaitwa Roger. Alirudi kutoka Amerika. Iko anafuga nyoka mu masanduku ya plastiki."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Bote banajua. Lakini yake ni ya nyekundu na ya majivu. Nyeupe hana."

Clarisse alikuwa amekwisha kusimama. "Nyekundu na majivu. Na we ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

"Haukuniuliza, Shefu."

Roger alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi ya Tanzania akapelekwa Amerika, akakaa huko miaka tisa, akarudi Baraka miaka saba iliyopita na ndala za kuvaliwa juu ya soksi. Ndani ya soksi nyingine, katika sanduku lisilopekuliwa, alileta nyoka wawili wachanga. Alikuwa na nyumba ya sakafu ya vigae, sola juu ya bati, na sauti ya mtu anayeongea na viziwi. Alipomwona Marthe mlangoni aliinua nyusi, akasema huyu mama asiguse kitu. Clarisse naye alimtazama kwa sura ya mtu anayenusa maziwa yaliyoharibika.

"Karibu, tantine," alisema Roger, kana kwamba anamkaribisha shangazi. "Umekuja kuona nyoka? Usiogope. Kule Amerika batoto banalala nabo."

"Mi si tantine yako. Onyesha."

Alionyesha. Watu wa namna yake hawangoji kuombwa mara mbili. Chumba kizima kilikuwa masanduku ya plastiki yenye matundu, kila moja na bakuli la maji na gome la mti. Clarisse alimwacha aseme. Mwenye majivuno ni shahidi mzuri kuliko mwenye dhamiri. Mwenye dhamiri hufikiri kwanza.

Hawa, alisema Roger, si wachafu wa porini. Ni nyoka wa mahindi. Kwao, Amerika, wanaishi kwenye maghala na kula panya, hawana sumu hata tone. Wa asili ni wa hudhurungi na wekundu, na kila baka limezungushiwa mstari mweusi. Lakini wafugaji wenye akili, siyo kama hapa, wanajua kusoma rangi. Akafungua sanduku la kwanza. Nyoka mnene, mwekundu kama mawese ya moto, mabaka ya machungwa, hakuna mstari mweusi popote. "Tazama macho. Mekundu. Huyu amezaliwa bila weusi. Damu yake haijui kutengeneza weusi." Akafungua la pili. Nyoka wa majivu na makaa, shingoni manjano kidogo, macho meusi. "Na huyu amezaliwa bila wekundu. Weusi anao, wekundu hana. Muntu wa kawaida anasema nyoka mbili. Mi ninasema nyoka moja, kila mumoja amekosa rangi yake."

"Unajua sana," alisema Clarisse.

"Nilisoma."

"Na akizaliwa mumoja amekosa zote mbili? Weusi hana, wekundu hana?"

Roger alifungua mdomo kujibu, kwa sababu jibu alilijua na lilikuwa zuri. Kisha akaufunga.

Clarisse alichukua beseni kutoka kwa Bertin, akafunua kitambaa. Nyoka wa chumvi alilala pale, mweupe wa waridi, macho ya damu yamekauka. Roger alimtazama na uso wake ukacheza kidogo, kama wa mtu aliyeona ng'ombe wake kwenye bucha. Halafu akacheka. Alisema huyo ni zeruzeru wa porini, hutokea, hata watu huzaliwa hivyo. Kwake hakuna mweupe. Ana wazazi wawili hao na watoto wao wanne, na watoto wote ni wa hudhurungi, wa kawaida kabisa, kila mtu aje aone. Mwekundu na majivu hawawezi kuzaa mweupe. Hiyo ni sayansi.

Aliwafungulia. Ni kweli: wanne, hudhurungi na wekundu, mistari myeusi imetimia. Bertin, kutoka mlangoni, alisema amekwisha kuona. Clarisse alianza kuandika kwamba amekuta sita, mweupe hakuna.

Marthe alikuwa ameinama akiwatazama hao wanne. Sasa aliongea na Clarisse, si na Roger.

"Mukubwa, kwetu nilipanda mahindi ya manjano karibu na meupe. Mwaka wa kwanza magunzi yalitoka manjano yote. Watu wakasema nyeupe imekufa. Nikapanda tena ile manjano, peke yake. Mwaka wa pili nyeupe ikarudi, punje chache katikati ya nyingine. Haikuwa imekufa. Ilikuwa imejificha ndani."

"Mahindi," alisema Roger. "Mama analeta mahindi."

"Endelea, Mama Marthe," alisema Clarisse, kalamu imesimama.

"Hawa wanne si watoto tena." Marthe alionyesha mmoja kwa kidole, mbali. "Huyu ngozi imelegea ubavuni, karibu na mkia. Kuku wangu wanakuwa hivyo. Huyu ametaga, na si zamani."

Hapo Clarisse hakumwuliza Roger chochote. Alifungua kabati. Nyuma ya mashati ya Amerika, katika kopo la plastiki lililojaa unyevu wa maranda, yalilala mayai marefu, meupe, yameshikana kama vidole. Juu ya kifuniko Roger, kwa kuwa alisoma, alikuwa amebandika karatasi: uzao wa pili wa hawa wa hudhurungi. Na chini yake, kwa wino wa zamani, kumbukumbu ya uzao wa kwanza: mayai kumi na sita; kumi na nne wamekufa bila kula; mmoja majivu, amekufa; mmoja mweupe, anakula.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Bibi alikosa weusi, babu alikosa wekundu. Wazazi, wa hudhurungi, walibeba mapungufu yote mawili tumboni bila kuonekana. Na mjukuu mmoja kati ya kumi na sita alirithi kukosa pande zote mbili, akatoka mweupe. Popote kwingine kando ya ziwa hili, nyoka wa tumbo la miraba hayuko, wala bibi yake wala babu yake. Mweupe yule asingeweza kuzaliwa katika ghala la mtu. Alizaliwa nyuma ya mashati.

"Nani alikuwa naye Jumanne?" aliuliza Clarisse.

Roger alirudisha kifuniko juu ya kopo.

"Sawa. Bertin, nenda uite bale bantu arobaini. Uwaambie nyoka ya Ketsia ilizaliwa hapa. Mi nitangojea inje."

Roger akasema yote. Fabien alikuwa mtoto wa mama yake mkubwa, yaya yake, yaani kaka. Alikuja mwaka jana kuomba mwekundu wa Ubwari, baadaye majivu wa Misisi, akawarudisha wazima, wameshiba. Mweupe Roger alimtoa kwa shida, na sasa ameuawa na mshenzi wa samaki, mweupe wa pekee katika Kongo nzima. Roger hakupata chochote katika mambo hayo, aliapa. Ilikuwa mchezo. Washenzi wanaamini kila kitu, inachekesha; alichukua video, rafiki zake wa Amerika walipenda sana.

"Video," alisema Clarisse, akanyoosha mkono.

Katika telefone Fabien alionekana nyuma ya kibanda cha Ubwari, anatoa nyoka mwekundu mfukoni, anaangalia kamera, anakonyeza, anamsukuma chini ya mkeka wa mzee. Nyuma ya kamera mtu alicheka. Marthe alitazama mpaka mwisho, akarudisha telefone mezani, akajipangusa mkono kwenye kitenge.

Jua lilikuwa linagusa milima walipofika kwa Marthe. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika, na mmoja, mwenye imani nyingi, alikuwa juu ya paa akichomoa bati la kwanza. Nabii Fabien alisimama mlangoni, suti ya rangi ya maziwa, leso mkononi. Bonaventure alirudi kutoka kituo cha afya, kafi tena begani. Huko walimkuta mtoto na malaria kali na kumtundikia chupa ya serumu, habari ambayo nabii aliipokea kwa huzuni.

Clarisse alitandika mkeka. Aliweka nyoka wa chumvi. Aliweka mwekundu, mzima, katika ndoo ya uwazi. Wa majivu alikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa, na Bertin alishika mfuko huo mbali na mwili wake kama nepi. Akawaeleza, polepole, mara mbili, na gunzi la mahindi mkononi. Aliwageuzia matumbo, la chumvi na la mzima. Miraba ileile, watu waliona wenyewe.

"Shetani ana rangi nyingi," alisema nabii.

Kundi likasema amina.

Aliwaonyesha video. Telefone ilipita kutoka mkono hadi mkono. Nabii alisema siku hizi mashine hutengeneza sura ya mtu, hata ya rais, nani hajui? Kundi likasema ni kweli. Roger, aliyekuwa na pingu, alitazama ndala zake. Jua lilibaki kama ukucha. Yule wa juu ya paa akachomoa bati la pili.

Clarisse hakubishana. Alifunga daftari.

"Sawa. Nimeshindwa. Ni mashetani. Papa Ketsia, ndani ya ndoo iko moja bado. Leta kafi yako."

Aliinamisha ndoo, na yule mwekundu akateleza juu ya mkeka, polepole, bila haraka ya mtu yeyote. Watu wakarudi nyuma wakakanyagana. Bertin naye akaruka. Bonaventure alipiga hatua moja, akainua kafi kwa mikono miwili.

"Usipige!"

Nabii Fabien alikuwa chini, magoti ndani ya vumbi, suti na yote, amemfunika nyoka kwa mikono. Naye nyoka akajizungusha kwenye kifundo chake, mahali alipokuwa amezoea.

Hakuna aliyesema amina. Bonaventure alibaki na kafi juu, kisha akalishusha kidogo kidogo mpaka likagusa ardhi.

"Nabii," alisema. "Mutoto yangu alikuwa anakufa, haukumulilia. Nyoka unamulilia."

Yule wa juu ya paa akashuka kwa upande wa nyuma.

Fabien alipelekwa Uvira, akakaa ndani miezi mitatu, akatoka. Anahubiri Kalemie, bila wanyama. Roger alirudi Amerika kabla kesi yake haijaitwa. Mwekundu na wale wanne wa hudhurungi walichomwa na majirani kwa petroli, pamoja na mayai na mashati. Mzee wa Ubwari alikuwa amekwisha kufa alipofikiwa na barua ya kumwita arudi. Mama mpishi wa Misisi hakupatikana. Ketsia alipona, mtaa unasema ni kwa sababu nyoka alitiwa chumvi, na wagonjwa wawili wameletwa kwa Bonaventure waombewe. Amewarudisha. Bertin aliandika ripoti kwamba katika fujo mfuko ulimdondoka na wa majivu akapotea. Aliadhibiwa kulala zamu siku saba.

Marthe alirudishiwa nyumba ikiwa imekosa mabati mawili. Mahindi yake alivuna mwenyewe. Jirani zake walipoteza robo ya mavuno kwa panya, yeye hakupoteza hata gunzi, na anapoulizwa husema ni neema ya Mungu. Miezi minne baadaye Clarisse alipita kuchukua sahihi yake. Kwenye boriti ya ghala ilining'inia ngozi ya nyoka iliyovuliwa, ndefu, haina rangi yoyote, miraba ya tumbo inaonekana vizuri. Clarisse aliitazama, akamwazima Marthe kalamu, akafunga dosie.